Miezi Saba Kabla ya Kidato cha Tano

Karatasi ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne hukusanywa Novemba. Matokeo hutangazwa Januari, na wanaochaguliwa kuendelea huripoti kidato cha tano Julai. Katikati hapo kuna takriban miezi saba ambayo hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu na hakuna daftari la mahudhurio. Kwa kijana wa Mtwara miezi hiyo huanza na korosho: minada imepamba moto, nyumbani kuna za kuokota na kuanika, na kila mkono unahitajika. Korosho zikiisha, mzazi mwenye uwezo humpeleka mwanawe tuisheni ya maandalizi ya kidato cha tano, kozi ya kompyuta au udereva. Asiye na uwezo humwacha ashike jembe, au aazime bodaboda ya binamu yake aanze kusaka abiria kati ya stendi na Ligula.

Hakuna ubaya katika hayo. Tuisheni husaidia na bodaboda hulisha. Lakini huo ni muda mrefu kuliko wowote ambao kijana huyo ataupata akiwa bado hana mwajiri, kodi ya nyumba wala mtoto wa kulea, na mara nyingi unakwisha bila yeye kuchagua jambo lolote. Mwanafunzi wa chuo naye hupata likizo yake ndefu katikati ya mwaka, akatumia sehemu yake kwenye mafunzo kwa vitendo na nyingine akisubiri chuo kifunguliwe. Swali la kazi gani kubwa mtu aifanye kwa hiari yake, aianze mwenyewe na aimalize mwenyewe, halimo kwenye fomu yoyote anayojaza.

Kusini, wazo la kutenga msimu mzima kwa jambo moja zito si geni. Jando na unyago wa Wamakonde, Wamakua na Wayao ulipangwa baada ya mavuno, chakula kikiwa ghalani, na vijana walikaa huko muda wa kutosha kufundishwa wakafundishika. Siku hizi shughuli hizo zimebanwa ndani ya likizo za shule, na mjadala kuhusu umri wa wasichana wanaopelekwa unyagoni ni wa haki na unapaswa kuendelea. Hata hivyo, wazee walielewa kwamba kuna mambo hayafundishiki kwa saa moja moja za jioni. Yanataka majuma yaliyofuatana.

Pwani hii imeona mipango mikubwa ya kila aina, mingi ikiletwa na watu wa mbali. Mwaka 1861 na tena 1862, David Livingstone alijaribu kuupanda mto Ruvuma kwa chombo, akashindwa na kina cha maji. Machi 1866 alirudi na ngamia, nyati, punda na baghala, akakuta mikoko imefunga njia mdomoni mwa mto, ikabidi ageuze mpaka ghuba ya Mikindani ndipo ashushe wanyama wake. Miaka 80 baadaye ulikuja mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza. Ujumbe ulioupendekeza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache tu mwaka 1946, ukitazama sehemu kubwa ya nchi kutoka angani. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kung'oa miti, Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake, Mtwara ikajengewa bandari ya kina kirefu, na reli ikatandikwa kutoka pwani kwenda bara. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na leo inapakia korosho.

Kisa cha karanga hukumbukwa kama kiburi cha wakoloni, na ni kweli. Kijana anayetafuta kazi ya likizo anaweza kukisoma kwa jicho jingine pia. Wale mabwana walipanga ekari milioni tatu na zaidi kabla ya kukamilisha hata shamba moja la majaribio. Ukubwa wa mpango ulipimwa kwa ramani. Kijana anayetangaza mwezi wa kwanza kwamba ataandika historia ya mkoa mzima, au atajifunza lugha tatu, au atafungua kampuni, anapima kwa kipimo hichohicho, na Julai inamkuta bado anaandaa.

Kuna wageni wengine ambao kisa chao kinauma kwa namna tofauti. Uingereza, vijana wengi wanaomaliza shule huwa na desturi ya kupumzika mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo, wakaenda kufanya kazi fulani nchi za mbali. Baadhi yao walikuja Mtwara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango uitwao Frontier-Tanzania, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulileta watu wa kujitolea waliopiga mbizi katika ghuba ya Mnazi wakihesabu samaki na kuandika hali ya matumbawe. Taarifa zao zimo miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za kisayansi kuhusu eneo ambalo mwaka 2000 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650. Mikindani nako, shirika la Trade Aid lilikarabati boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 likaligeuza hoteli, na vijana wa kujitolea kutoka Uingereza wakafundisha Kiingereza katika shule za hapo.

Hawakukosea kuja. Walifanya kazi halisi, na kazi yao inasomeka. Kinachopaswa kumkera mtu wa Mtwara ni kwamba kijana wa miaka 18 kutoka ng'ambo alilipa nauli na ada ili aweze kuitazama kwa makini bahari ambayo kijana wa miaka 18 wa Msimbati anaiona akifungua mlango. Mmoja alirudi kwao na ripoti yenye jina lake. Mwingine hakuwahi kuambiwa kwamba kutazama kwa makini ni kazi.

Mfano bora wa kazi ya vijana upo hapahapa nyumbani, na haujulikani inavyostahili. Mwaka 1968, wanafunzi wa shahada ya kwanza ya historia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, wengi wao maeneo ya kwao, kuwahoji wazee kuhusu vita vya Maji Maji. Kazi hiyo ilisimamiwa na mwanahistoria John Iliffe, na Gilbert Gwassa alikuwa mhimili wake. Vita vyenyewe vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya serikali huko Nandete, vikaenea haraka. Agosti mwaka huohuo misheni ya Masasi ikachomwa moto. Kwa zaidi ya miaka 60, karibu kila kilichoandikwa kuhusu vita hivyo kilitoka katika majalada ya Wajerumani na barua za wamisionari.

Hesabu ya miaka ndiyo inayoonyesha ujasiri wa wanafunzi wale. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 vita vilipoanza alikuwa na miaka 75 mwaka 1968. Aliyekuwa mpiganaji wa miaka 25 alikuwa anakaribia 90. Wangechelewa miaka 15, wangebaki na wajukuu wanaosimulia walichosimuliwa. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa vijana wenye daftari, lugha ya nyumbani, na mjomba wa kuwatambulisha kwa mzee wa kijiji cha jirani. Sifa hizo mbili za mwisho hakuna mtafiti wa Ulaya ambaye angeweza kuzinunua.

Ripoti zao zilikusanywa chuoni zikaja kutumiwa na kila aliyeandika kuhusu Maji Maji baadaye. Zilikosolewa pia. Katika miaka ya 1990 wanahistoria kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson walisema kwamba mradi ule ulitafuta mno umoja wa taifa changa, ukasikiliza zaidi wanaume, ukapita juu ya ugomvi wa mashamba, njaa na mambo ya nyumbani. Mwaka 2010 Monson na James Giblin walihariri kitabu kizima cha kuvitazama upya vita hivyo. Ukosoaji huo ni heshima kwa wale wanafunzi. Kama maneno ya wazee yasingeandikwa, pasingekuwa na cha kubishania.

Sasa hesabu ileile ipigwe kwa Mtwara ya leo.

FRELIMO iliasisiwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba 25, 1964 ikaanza vita vya kuwatoa Wareno Msumbiji, wapiganaji wake wakivuka Ruvuma kutoka Tanzania. Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo. Mtwara mjini kulikuwa na hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la daktari Américo Boavida wa Angola, ambako majeruhi waliletwa kutoka ng'ambo ya mto. Wakimbizi waliwekwa Rutamba, Lindi, na kwingineko. Vijiji vya mpakani viliishi na hofu ya ndege na mabomu ya Wareno. Haya yalidumu miaka kumi, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975.

Mama aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1970, akiwapikia wakimbizi au akiwakimbiza wadogo zake kichakani, leo ameshavuka 70. Aliyebeba machela hospitalini akiwa na miaka 25 amekaribia au amefika 80. Aliyepanda treni ya Nachingwea akiwa mtoto yuko umri huohuo. Wengine bado wana kumbukumbu kali na wanakaa barazani Chikongola, Mikindani, Newala na Tandahimba, tena wanapenda kuulizwa. Vitabu vya historia ya ukombozi vina hotuba za viongozi na majina ya makamanda. Muuza mihogo aliyeona magari ya majeruhi yakipita usiku hayumo. Hii ndiyo kazi kubwa inayomfaa kijana wa Mtwara mwenye miezi saba: kuandika ushahidi wa watu wachache waliokuwepo, kijiji kimoja au mtaa mmoja, na kuumaliza.

Ukubwa wake uko katika uzito, wala si upana. Wazee wanane waliohojiwa vizuri ni kazi kubwa. Wazee 50 waliohojiwa juu juu ni orodha ya majina.

Namna ya kuifanya inafahamika na haina siri. Kwanza ni barua ya utambulisho kutoka shule aliyomaliza, ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa sababu katika mkoa wa mpakani mtu anayezunguka akiuliza maswali ataulizwa yeye kwanza. Kinasa sauti kimo kwenye simu. Kabla ya kuwasha, mzee aombwe ruhusa na aelezwe sauti yake itakwenda wapi. Akikataa kurekodiwa, kalamu inatosha. Jina, mahali na tarehe ya mazungumzo vitajwe kwa sauti mwanzoni, maana faili lisilo na jina baada ya mwaka ni kelele tu. Sauti ihifadhiwe sehemu zaidi ya moja jioni ileile, kwani simu za vijana hupotea na kuanguka baharini.

Maswali ndiyo hasa yenye kazi. Ukimwambia bibi akueleze historia ya ukombozi, atakupa ile aliyoisikia redioni. Ukimuuliza siku ndege zilipopita alikuwa ameshika nini mkononi, atasema: mwiko, au mtoto, au mundu. Ukimuuliza walikimbilia upande gani, nani alibaki nyuma, walikula nini siku ile, atakaa wima na kuanza kuonyesha kwa kidole. Umri hauulizwi kwa mwaka. Unaulizwa kwa matukio: kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, treni ilipoacha kuja, Uhuru, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Na kila jibu lina swali lake la pili, lile ambalo mahakimu nao hulitumia: hilo uliliona, au uliambiwa?

Mzee akichagua kusimulia kwa Kimakonde, aachwe asimulie kwa Kimakonde. Tafsiri itafanywa nyumbani polepole. Watu hukumbuka mambo mazito kwa lugha waliyoyaishi, na kumlazimisha mtu wa miaka 78 atafute maneno ya Kiswahili sanifu ni kumnyang'anya nusu ya kumbukumbu yake.

Sehemu inayowashinda wengi ni kuandika. Saa moja ya mazungumzo hula siku nzima, wakati mwingine mbili, kuihamishia kwenye karatasi neno kwa neno. Hapo ndipo kijana anagundua kwamba wazee wanane ni wengi. Ndiyo maana mpango wa kazi uanzie mwisho: ikiwa Julai anaripoti shule, Juni iwe ya kuchapa na kurudisha, Aprili na Mei za kuandika, na kuhoji kuwe kumekwisha kabla ya hapo. Desemba hadi Machi tu, tena kwa jioni, maana asubuhi kuna kazi za nyumbani.

Si kila kijana ana moyo wa kukaa na wazee. Kwa mtu wa bahari, kazi ya uzito uleule iko ufukweni. Kila mwezi maji ya bamvua yakitoka, miamba ya Msimbati na Naumbu hubaki wazi kwa saa chache, na akina mama hushuka na vijiti wakichokoa pweza mashimoni. Anayejua hutambua shimo lenye mtu kwa makombe matupu na vijiwe vilivyopangwa mlangoni; mgeni anapita bila kuona. Kijana anayekaa mahali pamoja pa kuuzia, bamvua kwa bamvua kwa miezi sita, akiandika idadi ya pweza, uzito wa kila mmoja, jinsia yake kama muuzaji anaijua, na bei, atakuwa na daftari lenye thamani kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari cha kijiji na kwa hifadhi ya bahari yenyewe. Wataalamu wameorodhesha zaidi ya aina 250 za matumbawe katika hifadhi ile. Uzito wa pweza wa Januari ukilinganishwa na wa Juni katika kijiji kimoja ni jambo linalohitaji mtu anayelala hapohapo.

Erasto Mpemba anafaa kutajwa hapa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda mapema kuliko ya mwenzake yaliyokuwa ya baridi. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Mpemba alipokutana na rafiki yake muuza aiskrimu mjini Tanga, akasikia kwamba wauzaji wa huko wanalijua jambo hilo na wanalitumia. Aliendelea kuuliza hata alipohamia Mkwawa, Iringa, akichekwa darasani, mpaka alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jambo lile linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama linatokea kweli na kwa nini. Kijana yule hakuwa na maabara alipoanza. Alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake, akakataa kulidharau, akaenda kuwauliza watu wanaolifanya kila siku.

Wazazi wa Mtwara watakuwa na hoja, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni usalama. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, imekuwa na vita, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande huu wa mto, kilishambuliwa. Kazi ya aina hii isipelekwe ukingoni mwa Ruvuma. Wazee walioishi mpakani wamejaa mjini na Mikindani, na wanatosha. Ya pili ni msichana. Akimaliza kidato cha nne hupewa jiko, wadogo zake na ndoo za maji, na kaka yake hupewa uhuru. Kama kuna jambo moja la kumwomba mzazi, ni alasiri mbili kwa wiki kwa binti huyo, kwa sababu kuna mambo ya vita vya ukombozi ambayo bibi hawezi kumwambia mvulana, na mambo ya aina hiyo ndiyo yaliyokosekana katika mradi wa mwaka 1968.

Ya tatu ni faida: kazi hii italeta nini? Fedha haileti. Inamletea kijana kitu ambacho tuisheni haina, yaani kuanza jambo kwa uamuzi wake na kulifikisha mwisho mtu mwingine akilisubiri. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010, yanapokea kazi za utafiti za wanafunzi wa sekondari, na zile za sayansi ya jamii pia, hivyo aliyefika kidato cha tano na daftari lake ana pa kulipeleka. Tamasha la MaKuYa, linaloandaliwa Mtwara na asasi ya ADEA kwa ajili ya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, lina hadhira ambayo ingesikiliza simulizi kama inavyotazama sindimba.

Nakala zinazofaa ni tatu: moja shuleni, moja maktaba ya mkoa, moja nyumbani kwa msimuliaji. Hiyo ya tatu ipelekwe kwanza, ikiwa bado rasimu, na isomwe kwa sauti mbele ya mzee na watu wake. Atasahihisha. Atasema jina hili silo, mto ule ulikuwa upande wa pili, huyu hakufa siku ile. Jirani atadakia na kubisha, na katika ubishi huo yatatoka mambo ambayo hayakutoka siku simu ilipowashwa. Mwenye mpango mzuri atakuwa ameacha wiki mbili za Juni kwa ajili hiyo tu, kalamu ikiwa mkononi.